Kila Kopo na Mwenyewe

Siku niliyofahamiana na Mwalimu Sifa tuligombana kwa sababu ya mchanga.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu ya dagaa, kwenye soko la kituo kidogo cha biashara upande wa Kongo. Jina la mahali silitaji. Wako watu wanaoishi pale mpaka leo na sikuwaomba ruhusa. Dagaa walikuwa wa Lamadi. Nilikuwa nawafuata ziwani mwenyewe, nawafunga kwenye viroba, naondoka nao Bariadi nikiwa na kanga mbili na mdomo wangu, na baada ya siku kadhaa za malori naibukia kwenye soko lile, ambako kila mtu aliniita Mama Tanzania kana kwamba nchi nzima ilikuwa imenituma. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua halijakaza. Akaja mwanamke mwembamba mwenye kitenge kilichopauka, akachota dagaa kiganja kimoja, akasema wana mchanga.

Nikamwambia dagaa wangu ni safi kuliko sahani anazolia kwake. Mimi ni Msukuma wa Somanda, jina langu Minza, na nikiwa mbele ya bidhaa yangu huwa sina adabu. Alichukua mfuniko wa sufuria yangu, akamwaga dagaa juu yake, akauinamisha huku na huku karibu na sikio langu.

"Sikia, mama," akasema. "Hii sauti ni ya muchanga. Samaki haisemi vile."

Nikasikia kweli. Chini ya mchakacho wa dagaa kulikuwa na sauti nyingine ndogo, kavu, inayochelewa kidogo nyuma ya ile ya kwanza. Wauza nyanya wa jirani walicheka mpaka nikaona haya. Nikampimia upya kutoka kiroba kingine na nikamwongezea. Alipokuwa anaondoka aliniomba makopo mawili matupu ya maziwa yaliyokuwa chini ya meza. Nilidhani ni shida tu za nyumbani. Kumbe alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule iliyokuwa nyuma ya soko, na makopo yale yalikuwa yanakwenda kuwa manyanga ya watoto wake.

Siku nne baadaye barabara ilifungwa.

Lori langu la kurudia lilikuwa lije Ijumaa. Halikuja. Mchana wa siku hiyo tulisikia milio ya risasi kutoka upande wa kilima, na jirani yangu muuza nyanya akakunja pembe nne za kitambaa chake, nyanya zikiwa ndani, akajitwika na kuondoka bila kukimbia, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo. Mimi ndiye niliyekimbia. Nilikimbia kwanza bila viroba vyangu, halafu nikarudi kuvichukua, jambo ambalo hata leo siwezi kulieleza.

Shule ya Sifa ilikuwa na kuta za mawe na ua uliozungushiwa ukuta mrefu. Familia za mtaa ule zilihamia humo na vyombo vyao: sufuria, ndoo, madumu, magodoro, baiskeli. Sifa alisimama langoni akiwahesabu watoto kwa kuwagusa kichwa. Aliponiona na viroba vyangu viwili, jasho linanitiririka, alitabasamu.

"Mama Muchanga," akasema. "Ingia."

Tulikaa humo wiki sita na zaidi. Sitasimulia nani alikuwa anampiga nani. Wiki moja wenye bunduki waliopita barabarani walikuwa wa upande huu, wiki inayofuata wa upande ule, na sisi tuliwatofautisha kwa viatu tu, tukichungulia chini ya geti. Dagaa wangu waliliwa wote, na sijawahi kuuona mzigo wangu ukiisha kwa moyo mweupe kama nilivyouona ule.

Tatizo lilikuwa watoto. Mtu mzima anaweza kukaa na hofu yake miezi. Mtoto akikaa nayo siku tatu anaichoka, anataka kucheza. Walikuwa zaidi ya hamsini. Nyuma ya vyoo ukuta ulikuwa na tundu, na kupitia hapo walikuwa wanatokea barabarani kuokota vilivyoachwa: maganda ya risasi, vifungo, vipande vya chuma. Wanaume walipanga mawe kwenye tundu, watoto wakayapangua. Tuliwafokea, tuliwachapa, tukaweka zamu ya ulinzi. Tundu lilikuwa moja, lakini sisi tulikuwa na maji ya kutafuta na wagonjwa wa kulaza, na wao hawakuwa na kazi nyingine.

Siku ya tisa, mtoto wa miaka saba aliokota kitu ambacho hakikuwa ganda.

Tulisikia mlio mmoja, karibu.

Mama yake alikuwa anachambua mboga. Aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, kujua ni nani kati yetu atakayemwambia.

Kesho yake asubuhi Sifa alikaa katikati ya ua akiwa na msumari, jiwe la kugongea na koleo ya fundi baiskeli, akawaita watoto wote. Nilidhani atawahubiria. Alitia changarawe kwenye kopo la maziwa, akalifunga mdomo kwa kipande cha mpira, akalitikisa. Halafu akatoa changarawe nusu, akalitikisa tena, akauliza ni ipi kati ya sauti zile mbili iliyokuwa na njaa. Watoto wakapiga kelele kujibu. Akawaambia kuanzia leo kila mmoja atajitengenezea chombo chake cha muziki, na sharti ni moja: kitu chochote kitakachotumika kiwe kimetoka kwenye vyombo vya mtu aliyemo ndani ya ua, na mtu huyo aje mbele ya wote aseme ni chake na kilimfanyia kazi gani. Kisicho na mwenyewe hakipigwi.

Hakutaja barabara. Hakumtaja mtoto aliyekufa. Nimefanya biashara tangu nikiwa binti, nimepewa masharti ya kila aina na nimeyakwepa mengi, lakini lile sikuona pa kulikwepea. Lilikuwa limeziba tundu la ukuta bila kugusa jiwe hata moja, na watoto walilipokea kama zawadi.

Wa kwanza kuja mbele alikuwa mama mmoja na mfuniko wa sufuria. Alisema ulifunika wali wa harusi yake, na bonde lililokuwa katikati lilitokana na mume wake kuukalia siku hiyo hiyo akiwa amelewa. Mume alikuwapo, akainama kwa aibu, na watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu tuingie. Sifa alitoboa mfuniko kwa msumari, akaufungia vizibo vya soda pembeni, ukawa unalia kama mvua inayoanza kwenye bati. Mzee mmoja alitoa mwavuli uliokufa. Vyuma vyake walivikata, wakavigonga bapa kwa jiwe, wakavibana juu ya kopo la samaki, ikawa marimba ya kupigwa kwa vidole gumba. Mpira wa ndani wa tairi ulichanwa ukavutwa juu ya ndoo iliyopasuka kitako, na hiyo ndiyo ikawa ngoma kubwa. Waya wa breki ulifumuliwa uzi mmoja mmoja, ukafungwa kwenye dumu la mafuta lenye mti, na mtoto wa miaka sita akawa na zeze.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na viroba vitupu tu. Sifa alikikung'uta kimoja juu ya kitambaa, ukaanguka mchanga, kiganja kizima. Akanifanya niseme mbele ya watoto wote: huu mchanga ni wangu, umetoka Lamadi, kwenye Ziwa, na nilimwambia mwalimu kwamba haupo. Walishangilia mpaka milio ya kilimani ikasahaulika. Ule mchanga aliujaza kwenye chupa ndogo za dawa, na nimesikia manyanga mengi maishani, lakini hayakuwapo laini kama yale.

Nilimtazama mwanamke yule kwa wiki nyingi na nitasema wazi nilichokiona. Hakuwa jasiri kwa namna ya kujionyesha. Milio ikikaribia, alikuwa anaficha mikono yake ndani ya kitenge. Ila alijua kitu ambacho sisi wengine hatukukijua: kwamba mtoto huwezi kumwondolea jambo mkononi bila kumwekea jingine. Aliwafundisha hata kunyamaza. Milio ikiwa karibu, alifumba ngumi hewani, na watoto hamsini walilala chini wamekumbatia vyombo vyao kifuani ili visilie. Alisema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kupiga, na aliyeweza alipongezwa kuliko mpigaji yeyote.

Katika watoto wale alikuwapo Riziki, msichana wa miaka kumi na mmoja. Familia yake ilitoka mbali na mtaa ule, iliingia langoni na mkeka, birika, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Baba alikwenda kutafuta gari siku ya kwanza na hakurudi. Birika lilikuwa la kuchemshia maji ya mtoto, halikuweza kutolewa. Kwa hiyo Riziki, ambaye alikuwa na sikio kuliko wote, alikuwa anapiga vya wenzake. Watoto walimpa kwa zamu, kisha wakadai chao. Sifa alimpa kopo lake mwenyewe, lakini watoto wanajua kupewa ni nini na kuwa nacho ni nini.

Wiki ya nne mchezo ulianza kuwachosha. Asubuhi moja tuliwakuta wawili kwenye tundu, wamekwishatoa mawe matatu. Hapo ndipo mimi nilipotoa wazo langu.

Kwetu Usukuma hakuna ngoma ya upande mmoja. Mavuno yakiisha, makundi yetu mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wanasimama kwenye uwanja mmoja, wanatazamana, wanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanachagua kwa miguu. Upande unaopendeza unajaa watu. Unaochosha unabaki na vumbi lake. Kwa hiyo kila upande huficha kitu kipya, kitu ambacho hakijaonekana, na hukitoa pale watu wanapoanza kuwahama. Nikiwa mdogo, kule Kimali kwa ndugu wa mama yangu, niliona upande uliokuwa umeshindwa kabisa ukitoa chatu kwenye gunia. Uwanja mzima ulihamia kwao. Mimi mwenyewe nilihama, na upande niliouacha alikuwapo mjomba wangu.

Nilimweleza Sifa yote haya nikiwa nimesimama, nikionyesha kwa mikono na kiuno. Alicheka sana. Halafu akauliza swali moja.

"Na kile cha kufichwa, mwenyewe atajulikana vipi?"

"Nitakikagua mimi," nikasema.

Aliniamini. Tukawagawa watoto, nusu kwake, nusu kwangu, na Riziki akawa wangu.

Siku kumi za maandalizi zilikuwa nzuri kuliko zote. Upande wake walijificha darasa la kwanza, sisi tukajificha darasa la mwisho, na baina yetu kulikuwa na majasusi wa miaka mitano wanaonunulika kwa kipande cha muhogo. Watu wazima waligawanyika pia. Yule mzee wa mwavuli alihama kwetu akaenda kwao, nikamsusia siku mbili. Hatukumwona mtoto yeyote akisogelea tundu. Nilivimba kichwa, nakiri. Nilijiona nimemsaidia mwalimu, na tena nimemzidi kidogo.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumapili, mchana, baada ya siku tatu za utulivu. Nilipita kukagua watoto wangu mstarini. Riziki alikuwa amebeba kitu ndani ya kanga ya mama yake, amekining'iniza kwa kamba.

"Kina mwenyewe?" nikamuuliza.

"Ni ya baba," akasema.

Nikaenda kwa mtoto aliyefuata.

Pande mbili zilisimama zikitazamana, watu katikati, na tukaanza kwa pamoja. Mwanzo watu walikuja kwetu. Tulikuwa na ndoo kubwa na ule mfuniko wa harusi. Halafu Sifa akatoa chake: baiskeli iliyopinduliwa miguu juu, gurudumu linazungushwa, na kipande cha ndoo ya plastiki kimeshikwa kwenye spoku. Ililia kama mashine ya kusaga inayocheka. Watu walipiga vigelegele, wakaanza kuhama. Hata mama yake Riziki alihama.

Nikageuka, nikamwambia Riziki, "Sasa."

Alivuta kanga.

Kilikuwa chuma, ukubwa wa parachichi, na vibati vidogo mkiani. Alikuwa amekifunga kamba mkiani kama kengele. Mkono wa kulia alishika msumari mkubwa.

Sifa alikuwa upande wa pili, hatua kama kumi na tano. Aliona kabla ya mtu yeyote.

Hakupiga kelele. Hakukimbia. Alikuja akicheza.

Alivuka uwanja kwa mabega na magoti, akifuata mdundo ule ule wa ndoo, na watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakazidisha. Riziki alimwona mwalimu wake anakuja kwake, peke yake kati ya wote, akatabasamu, na msumari ukabaki hewani.

"Nipatie," Sifa akasema. "Nisikie sauti yake."

Riziki akampa kwa mikono miwili, kwa adabu.

Sifa alinitazama. Uso wake haukuwa na lawama. Alikuwa na haraka tu.

"Musiache kupiga," akasema.

Akaondoka nacho kuelekea nyuma ya vyoo, penye ukuta mnene, polepole, amekishika mbali na kifua. Nilichukua ndoo nikapiga mimi. Watu walikuwa bado wanacheka. Nilipiga na kuhesabu hatua zake, na alipopinda kona sikuwa na cha kuhesabu tena, nikaendelea kupiga.

Kisha ukaja mlio.

Watoto wote walilala chini, kila mmoja amekumbatia chombo chake kifuani, kama alivyowafundisha. Mawe yalianguka, vumbi likatanda uani. Halikulia kopo hata moja.

Hakuumia mwingine. Tulimzika jioni ile ile kando ya ukuta, kwa sababu makaburi yalikuwa ng'ambo ya barabara. Watoto walisimama na vyombo vyao, wakisubiri kuambiwa wapige, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia. Mama wa yule mtoto wa miaka saba ndiye aliyekwenda akaliziba tundu kwa saruji aliyoichimbua stoo ya shule, ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuwa ipo, peke yake, akikataa msaada.

Riziki hakulia. Siku ya tatu alinifuata nilipokuwa nafua, akaniuliza kama ni yeye. Nikamwambia si wewe, mwanangu, ni vita. Ndivyo kila mtu mzima alivyomwambia. Akasema sawa, akaondoka. Wiki iliyofuata barabara ilifunguka na mimi nikapanda lori la kwanza.

Nyumbani nilikaa miaka miwili bila kugusa biashara ya mbali. Niliuza dagaa hapa hapa Bariadi, kwenye kibaraza changu Somanda, mtaa ambao ndugu wa wagonjwa wanapanga vyumba kuwa karibu na hospitali. Wanakuja kutoka Mwandoya, Kimali, hata Busega, wanakuja na watoto kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwaachia. Asubuhi mkubwa anaingia kuuguza. Mtoto anabaki barabarani na bodaboda zinapita kwa kasi. Niliwatazama watoto wale miezi mingi. Siku moja bodaboda ilimkosa mmoja wao kidogo tu, nikanyanyuka bila kufikiri, nikachukua kopo la maziwa na msumari, nikakaa chini.

Sasa kila Jumamosi kibaraza changu hakipitiki. Sharti ni lile lile la Sifa, na sijui kulisema kwa maneno mazuri kuliko aliyoyasema yeye. Juzi alikuja bibi mmoja wa Mwandoya, mume wake amelazwa, ameshika mfuniko mweusi wa masizi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu.

"Mwangaluka. Mgonjwa ameamkaje?"

"Mhola kidogo, ana nafuu, amekunywa uji." Akawageukia watoto, maana alikuwa amekwisha kuambiwa na mjukuu wake namna ya kufanya. "Huu ni wa mama mkwe wangu. Alinichukia mimi mpaka anakufa. Ila ugali wake, he! Mpigeni kwa nguvu."

Walimpiga kwa nguvu, na bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Watu wananisifu. Wanasema Minza una kipaji na watoto. Nawaambia nilifundishwa na mwalimu mmoja wa Kongo, na nikifika hapo huwa nasimulia alivyovuka uwanja akicheza, kwa sababu nataka ijulikane kwamba mtu kama yule aliishi. Nikiulizwa kuhusu yule msichana, huwa nasema alinidanganya na mimi nikamwamini. Nimelisema mara nyingi, linatoka bila shida.

Wazazi huniuliza kwa nini siwagawi watoto pande mbili wakashindana, kama inavyostahili kwa Wasukuma. Nasema kibaraza ni kidogo.

Jumamosi moja ya mwaka huu simu ililia katikati ya makelele hayo. Namba ya nje. Sauti ya mwanamke ikaniita Mama Tanzania, na kabla hajataja jina nilikuwa nimekwisha kukaa chini. Riziki ana miaka zaidi ya ishirini sasa. Ana mtoto wa kike, alimpa jina la Sifa. Namba yangu aliipata kwa wauza nyanya wa soko lile. Alisikia makopo nyuma yangu, akanyamaza kuyasikiliza, akasema lile lenye sauti nzito limejazwa mno, lipunguzwe. Nikalipunguza. Alikuwa sahihi.

Halafu akasema amenipigia kuomba msamaha. Amekaa nalo miaka yote, hajamwambia hata mume wake. Kile kitu hakikuwa cha baba yake. Alikiokota kupitia tundu la ukuta, mchana wa siku iliyotangulia, kwa sababu alitaka na yeye awe na chake.

"Ulikuwa umeniuliza, mama," akasema. "Ulikuwa umeniuliza kabisa, na mie nikakudanganya. Kama nilisema ukweli, angekuwa muzima."

Watoto wa kibarazani walikuwa wananiangalia. Niliwapa ishara waendelee.

Ningeweza kumsamehe. Ilikuwa rahisi, alikuwa ameniwekea msamaha mkononi, na angelala vizuri siku ile. Ila Mwalimu Sifa aliweza kusikia mchanga chini ya dagaa, na mimi nimekula miaka yote hii heshima ya kuwa mwanafunzi wake. Nikamwambia Riziki nilichokuwa sijamwambia mtu. Nilijua. Familia yao niliiona ikiingia langoni. Nilijua hawana chuma chochote cha baba. Nilipomuuliza mstarini niliigusa ile kanga kwa nyuma ya mkono, na nilihisi uzito na ubaridi. Nilijua kimetoka barabarani. Nilidhani ni kipande cha gari, nilitaka kudhani hivyo, na nilikuwa nimewaona watu wakianza kumsifu Sifa kwa kitu ambacho kilikuwa bado hakijatolewa. Nilitaka upande wangu ushinde. Kwa hiyo nikaenda kwa mtoto aliyefuata.

Kwenye simu nilisikia mtoto wake akiomba maji, na mtu mwingine akimpa.

"Basi tulikuwa wawili," Riziki akasema.

"Tulikuwa wawili," nikamwambia. "Na mkubwa nilikuwa mimi."